Filta ya koni kwenye Runx 1NZ hapa Dodoma: paipu ya milimita 76, sensa itasoma sawa?

Vumbi_la_Ilazo

Wakuu, habari za jioni. Gari ni Toyota Runx NZE121, injini 1NZ-FE ya cc 1500, gia otomatiki. Nina seti ya filta ya koni, haijafungwa bado. Ndani kuna paipu ya aluminiamu yenye kona moja ya nyuzi 90, kipenyo cha nje milimita 76, unene wa ukuta milimita 1.5. Kuna koni ya pamba nyekundu, ile ya kupaka mafuta. Kuna mipira miwili ya silikoni, mmoja unapunguza kutoka 76 kwenda 63. Kuna klampu nne, kifilta kidogo cha ukubwa wa ngumi ya mtoto, na chupa ndogo ya mafuta ya filta. Karatasi ya maelekezo haimo.

Nimepima shingo ya mfuniko wa boksi la zamani, pale sensa ya hewa inapokaa: kipenyo cha ndani ni milimita 62.

Matumizi ni lami Ilazo hadi Mtumba siku za kazi, na wikiendi njia za vumbi upande wa Bahi. Nataka kuifunga mwenyewe nyumbani. Naomba kujua mambo manne: sensa naweza kuihamishia kwenye paipu hii kama ilivyo? Kifilta kidogo kinakaa wapi? Koni ya pamba inahimili vumbi la huku? Na baada ya kufunga nitajuaje kwamba nimefunga vizuri, zaidi ya kusikia mlio umebadilika?

---

Kalipa_na_Mita

Mkuu, umefanya jambo la maana kupima shingo kabla ya kushika spana. Swali lako la kwanza ndilo kubwa kuliko yote, na jibu ni hapana, paipu hiyo usiitumie kwenye sensa.

Sensa yako ya hewa, inayoitwa MAF, haipimi hewa yote inayoingia. Ina kitundu chenye waya unaopashwa moto. Hewa inayopita pale inaupoza, na umeme unaohitajika kuurudishia joto lake ndio kipimo. Kwa hiyo inachojua ni hewa iliyopita kwenye kitundu chake tu. Kompyuta ya gari ndiyo yenye jedwali linalosema: sensa ikitoa volti hizi, ndani ya shingo ya upana huu, basi injini imepokea gramu kadhaa kwa sekunde. Ukipanua shingo, hewa ileile inapita polepole zaidi, waya haupoi sana, na kompyuta inaamini injini imekula hewa kidogo. Inatoa petroli kidogo.

Sasa hesabu. Paipu huuzwa kwa kipenyo cha nje. Yako ya 76 ikitolewa ukuta pande zote mbili inabaki 73 ndani. Gawanya 73 kwa 62, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: unapata 1.39. Yaani nafasi ya kupita hewa imeongezeka kwa asilimia 39, na sensa itaripoti takriban asilimia 72 ya hewa halisi. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi itaona hewa imezidi na kompyuta itajaribu kuongeza petroli, lakini uwezo wake wa kurekebisha una kikomo, na asilimia 39 inapita kikomo hicho. Taa ya injini inawaka na msimbo P0171, maana yake petroli ni chache kuliko hewa. Kabla taa haijawaka, gari litakuwa linasitasita ukikanyaga ghafla. Kinachoumiza zaidi ni pale unapokanyaga mpaka mwisho kupanda mlima: wakati huo kompyuta haisubiri tena sensa ya oksijeni, inafuata jedwali lake, na injini ikiunguza mchanganyiko mkavu chini ya mzigo inapata joto na kugonga.

Tafuta paipu ya nje 63.5, ukuta 1.5. Ndani inabaki 60.5. Hesabu ileile inatoa 0.95: sensa itasoma juu kwa asilimia 5 hivi, na hilo kompyuta inalimeza bila shida. Koni ina mdomo wa 76, kwa hiyo ule mpira wako wa 76 kwenda 63 huutupi, unauhamishia upande wa koni.

Jambo jingine ambalo wauzaji wa seti hawalitaji. Dodoma iko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ina mgandamizo wa karibu kilopaskali 89, Dar ni 101. Injini isiyo na tabo inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa sababu hiyo peke yake, na hakuna filta inayoweza kuirudisha. Na kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka kwenye hewa inayoingia zinapunguza uzito wake kwa asilimia 3 hivi. Koni iliyokaa wazi ndani ya boneti ikivuta hewa ya nyuzi 60 badala ya 35 inakupotezea asilimia 8. Mlio utakuwa mkubwa na gari litakuwa zito. Kwa hiyo ukingo wa kuzuia joto si urembo.

---

Spana10_Kizota

Naongezea upande wa kazi yenyewe, mkuu ameshamaliza hesabu.

Vifaa: spana ya boksi namba 10 na kipande cha kurefushia, bisibisi ya nyota na ya bapa, koleo, kalipa, tupa laini, msasa namba 240, kitambaa cheupe kisichotoa nyuzi, utepe wa karatasi na kalamu. Ongeza dawa ya kusafishia MAF, ile iliyoandikwa hivyo hasa. Dawa ya breki au ya kabureta usiipeleke pale, inaharibu plastiki na utando wa sensa. Fanya kazi injini ikiwa baridi, na mahali pasipo upepo. Kiangazi huku, ukiacha throto (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) wazi uani kwa dakika kumi, tayari umeilisha mchanga.

Paipu kwanza, gari baadaye. Sensa inahitaji kitako cha aluminiamu kilichochomelewa kwenye paipu kwa gesi ya agoni. Wapo mafundi wa kuchomelea aluminiamu SIDO, mpelekee kitako, paipu na sensa yenyewe (au mfuniko wa zamani) ili aone kina. Kitako kisibandikwe kwa gundi wala silikoni. Mambo matatu ya kumsimamia: mshale ulio kwenye sensa uelekee injini, kitundu cha sensa kikae katikati ya paipu kama kilivyokuwa kwenye shingo ya zamani, si juu wala chini, na sensa iwe kwenye kipande kilichonyooka, angalau sentimita 10 hadi 15 kutoka kona yoyote. Hewa inayotoka kwenye kona inazunguka, na sensa inasoma inayumba. Kama shingo ya zamani ina kiwavu cha kunyooshea hewa, jua kwamba hicho kilikuwa na kazi na paipu yako haina, hivyo urefu ulionyooka ndio mbadala wake.

Kitako kikishachomelewa, piga tupa ndani mpaka ukipitisha kidole hakikwaruzi. Osha paipu kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, suuza, kausha, kisha sukuma kitambaa cheupe kwa kijiti kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kikitoka na unga wa kijivu, rudia. Unga huo ni aluminiamu na chembe za jiwe la grainda, na ukiingia kwenye silinda hauna pa kutokea ila kati ya pistoni na ukuta. Osha mara tatu au nne kama inalazimu.

Kwenye gari: kabla ya kuchomoa chochote, andika namba za kompyuta jinsi zilivyo sasa (zinaelezwa chini). Kisha toa hasi ya betri. Boksi liko jirani na betri. Chomoa soketi ya sensa kwa kubonyeza kifungo chake, usivute nyaya. Ni nyaya tano kwa sababu ndani ya sensa ileile kuna kipima joto cha hewa. Fungua skrubu mbili, toa sensa, iweke kwenye mfuko safi. Kila kimpira unachochomoa kibandike utepe na uandike kilikotoka. Legeza klampu ya throto, fungua klipu za mfuniko, kisha boliti za kitako cha boksi. Ziba mdomo wa throto kwa kitambaa kikubwa ambacho hutakisahau; acha nusu yake ining'inie nje.

Kufunga: mpira wa silikoni kwenye throto kwanza, bila kukaza. Paipu iingie, lakini acha nafasi ya milimita 10 hadi 15 kati ya ncha ya paipu na mdomo wa throto ndani ya mpira. Injini inacheza kwenye mauntini zake kila unapoingiza gia, na paipu ikigusa throto itakwaruza au itatikisa kitako cha sensa mpaka kipasuke kwenye weldi. Paipu ishikwe na mkono wa bati wenye mpira wa katikati, boliti M6, ifungwe kwenye tundu la kitako cha boksi la zamani. Usiache paipu na koni vikining'inia kwenye mpira wa throto tu. Oringi ya sensa ilainishe kwa tone la mafuta ya injini, skrubu zake kaza kwa mkono tu, ni ndogo na zinakatika. Klampu kaza mpaka silikoni ianze kuvimba kidogo pembeni mwa bati, hapo simama.

Kisha kipimo ambacho hakina gharama. Kabla ya kuvalisha koni, washa gari, liache kwenye sailensa (linawaka bila kukanyaga mafuta), halafu ziba mdomo wa paipu kwa kibao kidogo kilichovikwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Injini inapaswa kuzima ndani ya sekunde moja au mbili. Ikiendelea kuunguruma, hata kwa kuhema, kuna mahali inapata hewa ambayo sensa haioni. Usiende barabarani mpaka upajue.

---

Boksi_la_Kiwandani

Mimi niko upande mwingine, na nasema kwa heshima. Kwa gari la matumizi haya, baki na boksi la kiwandani.

Kabla hujakata chochote, pima kama boksi lako kweli linabana. Chukua mpira mwembamba wa plastiki unaoona ndani, mita 2. Ukunje umbo la U kwenye ubao, kila mguu sentimita 60, tia maji ya rangi hadi nusu. Mwisho mmoja uchomeke upande safi wa boksi, yaani baada ya filta na kabla ya throto, na mwingine uache wazi. Mtu mmoja aendeshe, mwingine atazame. Barabara iliyo wazi, gia ya pili, kanyaga mpaka chini hadi mizunguko 5,500. Tofauti ya maji kati ya miguu miwili ndiyo upinzani wote wa filta na boksi. Sentimita 10 za maji ni kilopaskali 1.

Ukisoma sentimita 20, ni kilopaskali 2. Hewa ya hapa ni 89. Ina maana hata ukiondoa filta yote na kubaki na tundu tupu, unachoweza kupata ni asilimia 2 na kidogo, na hiyo ni pale tu unapokanyaga mpaka mwisho. Ukienda Mtumba kwa kasi ya kawaida, throto yenyewe imefungwa zaidi ya nusu, hivyo kinachobana hewa ni throto, si filta. Ukisoma 40 au 50, mara nyingi filta imejaa au kuna kitu kimeingia kwenye mdomo wa kuvutia hewa mbele ya rejeta: mfuko, majani, kiota cha panya. Safisha hicho, weka filta mpya ya karatasi, angalia kama mpira wa hewa una nyufa kwenye mikunjo yake (ukunjue kwa vidole, nyufa hujificha kwenye mabonde), safisha throto. Gari litabadilika kuliko kwa koni.

Boksi linavuta hewa ya nje ya boneti, linatenganisha maji, na lina mfuniko unaobana filta pande zote kwa nguvu sawa. Vitu hivyo vitatu koni inavipoteza kwa mpigo.

---

Udongo_Mwekundu

Swali la vumbi. Sehemu kubwa ya mchanga wa huku kati ni kwatzi iliyotokana na miamba ya granaiti, na kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Chembe zinazoumiza si zile unazoziona zikigonga kioo. Ni zile laini kama unga wa poda, zinazobaki hewani baada ya lori kupita. Zinaingia kati ya ringi na ukuta na kusaga kidogokidogo. Dalili zinakuja zimechelewa: oili inapungua, moshi wa bluu asubuhi, mgandamizo unashuka silinda zote kwa pamoja. Hapo ni oveholi.

Filta nzuri ya karatasi hukamata zaidi ya asilimia 99 ya vumbi la majaribio. Pamba yenye mafuta inapitisha hewa kwa urahisi kwa sababu nyuzi zake zina nafasi kubwa zaidi, na kazi ya kukamata inafanywa na mafuta. Pamba iliyokauka ni chandarua tu. Iliyozidishwa mafuta nayo inatema ukungu unaokwenda kukaa kwenye waya wa MAF, vumbi laini linagandia pale, na sensa inaanza kusoma chini. Kama umeamua koni, kwa njia za Bahi ningechagua ya nyuzi kavu za sintetiki, au sponji nene ya tabaka mbili inayopakwa mafuta mazito ya sponji, kuliko hiyo ya pamba. Ukibaki na ya pamba, ivalishe soksi ya vumbi juu yake na ioshe soksi kila baada ya safari ya vumbi.

Kuosha koni ya pamba: dawa yake, subiri dakika 10, maji ya kasi ndogo kutoka ndani kwenda nje, ikung'ute, ikauke yenyewe kivulini. Kwa ukavu wa hapa kiangazi saa chache zinatosha, masika iache usiku kucha. Mafuta: mstari mmoja mwembamba juu ya kila mkunjo, subiri dakika 20, angalia panapobaki peupe, ongeza hapo tu. Rangi iwe sawa pande zote, na ukiibana kwa karatasi ya chooni isiache doa linalotiririka.

Na jambo hili naliomba kwa wote wanaosoma: acheni kupuliza filta kwa upepo wa kompresa. Ni mazoea ya gereji nyingi. Upepo ule unafungua matundu kwenye karatasi na pamba ambayo kwa macho huyaoni. Kwa tochi ndani ya filta usiku utayaona, yanang'aa kama nyota. Filta ya karatasi ikijaa inabadilishwa.

Ukaguzi wa kweli ni huu. Baada ya kilomita 200 za kwanza za vumbi, fungua paipu upande wa throto, funga kitambaa cheupe kwenye kidole, futa sakafu ya paipu kutoka kwenye koni kuja kwako. Kitambaa kibaki cheupe. Ukiona mstari mwembamba wa rangi ya matofali, vumbi linapita, na mara nyingi halipiti katikati ya filta bali pembeni mwa mdomo wake. Toa koni, safisha mdomo wa paipu, paka grisi nyembamba kama ukucha kuzunguka sehemu inayoshikana, rudisha, kaza klampu. Grisi inafanya kazi mbili: inaziba, na ukifungua tena utaona vumbi lilipojaribu kupenya.

Usishushe koni chini nyuma ya bampa kutafuta hewa baridi. Desemba hadi Aprili makorongo yanajaa ghafla, na injini ikivuta maji badala ya hewa pistoni haina pa kuyabana. Konekting rodi inapinda siku hiyohiyo. Mdomo wa koni usiwe chini ya usawa wa taa kubwa.

---

Kalipa_na_Mita

Kuhusu namba za kompyuta alizotaja Spana10. Unahitaji kifaa cha kusoma kompyuta ya gari (OBD2) cha ELM327 na simu. Angalizo: Toyota nyingi za soko la Japani za miaka hiyo hazijibu kifaa hicho moja kwa moja. Kwenye programu ya simu, fungua wasifu wa gari na sehemu ya kuanzisha uandike:

ATIB 96
ATIIA 13
ATSH8113F1
ATSPA4
ATSW00

Vifaa vingi vya bei rahisi vilivyoandikwa toleo 2.1 havielewi amri hizo zote, tafuta toleo 1.5.

Andika vitu vinne, injini ikiwa ya moto, AC imezimwa: gramu za MAF, LTFT na STFT (asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, ya muda mrefu na ya muda mfupi) na joto la hewa. Mara ya kwanza kwenye sailensa, mara ya pili ukishikilia mizunguko 2,500 kwa dakika moja. Injini ya lita 1.5 iliyo nzima kwenye sailensa inasoma takriban gramu 2 hadi 3 kwa sekunde. LTFT na STFT zikijumlishwa zibaki kati ya hasi 10 na chanya 10.

---

Vumbi_la_Ilazo

Shukrani sana wakuu. Nimefuata: paipu 63.5, kitako kimechomelewa SIDO, koni nimebadilisha ya nyuzi kavu. Bado hakuna ukingo wa joto. Kifilta kidogo nimekivalisha kwenye bomba la mfuniko wa tapeti (mfuniko wa juu ya injini), ule mpira uliokuwa unaenda kwenye mpira wa hewa nimeutoa. Namba hizi hapa.

Kabla: sailensa MAF 2.3, LTFT +2. Mizunguko 2,500 LTFT +3. Joto la hewa 38 kwenye foleni.

Baada ya kilomita 60: sailensa MAF 1.9, LTFT +17. Mizunguko 2,500 LTFT +5. Joto la hewa 57 kwenye foleni mchana. Taa haijawaka. Kipimo cha kibao: injini haizimi, inashuka na kuendelea kuhema kwa sekunde 5 au 6.

Nimekaza klampu zote upya, hakuna badiliko. Je, bado ni upana wa paipu?

---

Kalipa_na_Mita

Si upana. Upana ukikosewa, kosa linafuata hewa: likiwa +17 kwenye sailensa litakuwa +17 au zaidi kwenye mzigo. Lako linashuka hadi +5 ukiongeza mizunguko. Hiyo ni hewa ya wizi, kiasi kilekile kidogo kila wakati. Kwenye sailensa, injini ikila gramu 2 tu, kiasi hicho ni sehemu kubwa. Kwenye 2,500 kinamezwa.

Na mlango wake ni hicho kifilta kidogo. Mfuniko wa tapeti una njia mbili. Moja ni valvu ya PCV, ya kutolea mvuke wa oili, inayonyonywa na manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda). Nyingine ni hilo bomba, na wakati wa sailensa hewa haitoki pale, inaingia: inapita juu ya kamshafti, inazoa mvuke wa oili, inaingia PCV, inaingia manifoldi. Kiwandani hewa hiyo ilichukuliwa kwenye mpira ulio baada ya sensa, kwa hiyo ilikuwa imeshahesabiwa. Sasa inaingia kutoka nje bila kuhesabiwa, na ndiyo inayoihemesha injini ukiziba kwa kibao. Vifilta vile vinafaa injini za kabureta au zile zinazopima mgandamizo wa manifoldi badala ya hewa. Kwenye gari lenye MAF kitoe. Isitoshe matundu yake ni mapana mno kwa vumbi laini, na vumbi linalopita pale linaangukia moja kwa moja kwenye oili.

---

Spana10_Kizota

Pima kipenyo cha ndani cha mpira ule uliotoa, chukua nipeli ya aluminiamu ya saizi hiyo, ichomelewe kwenye paipu kati ya sensa na throto. Lazima iwe baada ya sensa. Ikiwa kabla yake, mvuke wa oili utaupaka waya. Iinamishe kidogo kuelekea throto, tupa, osha, kitambaa cheupe kama mwanzo. Mpira uwe wa kuhimili oili. Wa maji ya bustani unalainika na kujikunja ndani ya wiki chache. Klampu ndogo pande zote mbili, kisha rudia kibao.

Ukingo wa joto: bati la aluminiamu milimita 1.5, kuta mbili, moja upande wa injini na moja upande wa rejeta, urefu ufike boneti. Juu weka mpira wa pembe wa kuzibia mlango wa gari ili boneti ikishuka iukandamize. Mdomo wa plastiki wa kiwandani unaovuta hewa mbele urudishe uingie ndani ya chumba hicho. Acha angalau sentimita 2 kati ya koni na bati kuzunguka pande zote.

---

Vumbi_la_Ilazo

Nipeli imechomelewa, mpira umerudi. Kibao: injini inazima papo hapo. Sailensa MAF 2.4, LTFT 0. Mizunguko 2,500 LTFT hasi 2. Bati nimeshakata, mpira wa pembe nautafuta kesho Sabasaba. Klampu nikague tena lini?

---

Spana10_Kizota

Baada ya kilomita 100, injini ikiwa baridi. Silikoni mpya inalegea ikishapata joto mara kadhaa. Robo mzunguko inatosha. Ukishafunga bati, pima tena joto la hewa kwenye foleni ileile, saa ileile ya mchana, na weka namba hapa.